Usikate Chini ya Goti

Kizwite, Sumbawanga
12 Novemba 2017

Mdogo wangu Hellena,

Marahaba. Barua yako ya kutoka Dodoma imenifikia salama, ingawa bahasha ilikuwa imelowa pembeni. Pole tena kwa kufiwa na shemeji yangu. Tulitamani kuja kuzika, lakini miguu ya mama Philipo unaijua, na safari ya siku mbili si mchezo.

Unalalamika kwamba sipigi simu. Mimi nimekuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini na moja, nikipeleka hati za watu milangoni mwao, na nimejifunza kwamba neno la mdomoni watu hulikana kabla jua halijazama. Karatasi haikani. Isitoshe, huko ninakotaka kukupeleka mtandao haupatikani mpaka upande juu ya kichuguu, kwa hiyo tuandikiane tu. Abeli anashuka na gari lake kila Jumatano na ni mtu mwaminifu.

Umeomba mahali pa kukaa na kulima. Shambani kwangu Mollo hapatakufaa, mikaratusi yangu imejaa mpaka mpakani. Lakini kuna lile eneo la marehemu baba kule bondeni, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, alikokuwa akipeleka mbuzi kiangazi. Tangu afariki hakuna aliyeligusa. Ni joto, vumbi na mikunazi ya porini yenye miiba ya kutoboa kandambili. Nenda ukae, jenga kibanda, lima utakacho.

Jambo moja nakukumbusha, si kwa ubaya. Kanuni ya ukoo wetu unaijua: aliyekaribishwa kwenye ardhi hulima mtama, karanga, alizeti, vitu vya kuvuna na kumaliza. Hapandi mti. Anayepanda mti anasema ardhi ni yake. Wewe ni damu yangu, lakini wazee wataniuliza, nami nataka niwe na jibu.

Mama Philipo anakusalimu sana.

Kaka yako,
Baltazari


Bondeni
4 Februari 2018

Kaka Baltazari,

Shikamoo. Niko hapa tangu Desemba mwanzoni. Nimechelewa kuandika kwa sababu vidole vilikuwa vimejaa miiba na kalamu haikushikika. Kuhusu joto hukunidanganya. Saa nne asubuhi kuku wangu wanahema midomo wazi. Mvua imenyesha mara tatu tu tangu nije, na mahindi ya majirani yamejikunja kama tumbaku.

Mikunazi haijajikunja. Inasimama hapo na majani yake mabichi kana kwamba habari za ukame hazijaifikia. Kabula, jirani yangu, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga, anasema walipochimba kisima walikuta mzizi wa mkunazi chini kabisa, mahali ambapo jembe lilikuwa limeshakata tamaa. Huyo Kabula ndiye aliyenisaidia kuezeka.

Unajua kazi niliyoifanya Dodoma miaka kumi na minne kwenye bustani ya miche. Huu mkunazi wa porini unazaa vitunda kama maharage, vichungu, kokwa tupu. Lakini ipo mikunazi mingine inayozaa tunda kubwa kama yai la njiwa, tamu, na ndiyo tuliyokuwa tukiibebesha kule, yaani kuipandikiza juu ya shina la mwingine. Mwenzangu wa zamani amenitumia vikonyo vyake, vijiti vyenye macho ya kuchipua, kwa basi, vimeviringishwa kwenye gunia bichi.

Kanuni ya ukoo nimeishika. Sijapanda hata mti mmoja. Miti niliikuta. Nimeikata juu kidogo ya goti, ikachipua, na kwenye chipukizi moja la kila mti nimepachika jicho la mkunazi mkubwa nikalifunga kwa utepe wa nailoni. Kuanzia kwenye fundo hilo kwenda juu utakuwa mti mwingine. Chini ya fundo ni ule ule wa mbuzi wa baba, na utabaki hivyo siku zote. Kila wiki napita kung'oa machipukizi ya chini, maana yana nguvu kuliko ya juu. Ukiyaacha yanaua tawi la kubebesha, na unarudi kwenye kokwa na miiba.

Nina ombi. Siku ukipata nafasi ushuke, twende ofisi ya kijiji, uandike kwamba hapa umenipa. Mstari mmoja unatosha. Wewe mwenyewe umesema karatasi haikani.

Mdogo wako,
Hellena


Kizwite
19 Aprili 2018

Mdogo wangu Hellena,

Marahaba. Barua yako nilimsomea mama Philipo, tukacheka mpaka chai ikapoa. Kunazi? Tulipokuwa tukichunga tulikuwa tukizitema kwa mashindano, umesahau? Wewe ndiye uliyekuwa ukishinda. Leo nikipita sokoni wananiuliza, eti dada yako amerudi kutoka Dodoma anafuga miiba? Nawajibu kwamba msiba una mambo mengi, mwacheni apoe.

Hayo ya jicho na fundo sikuyaelewa, na sidhani kama yananihusu. Fanya utakavyo, mradi hujapanda.

Kuhusu karatasi. Karatasi ni za watu wanaoshitakiana. Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Siku ukianza kumwomba kaka yako mhuri, watu watasema tumegombana, na mimi hilo sitalikubali. Tulia.

Nakutumia maharage debe moja na unga wa ulezi kwa Abeli. Najua huko hakuoti kitu.

Kaka yako,
Baltazari


Bondeni
22 Agosti 2021

Kaka Baltazari,

Shikamoo. Miaka mitatu nimekuandikia salamu tupu, leo nina habari.

Mvua mwaka huu zilikata Februari. Mahindi yamekufa yakiwa yamefika kiunoni, mpunga wa kule ziwani kwelea wamemaliza kilichobaki, na watu wameanza kupanda mlima na mabeseni kuja kununua unga huko kwenu. Kwangu, kikapu ulichopewa na Abeli pamoja na barua hii ndicho jibu. Kula kwanza, kisha endelea kusoma.

Hizo ni kunazi, kaka. Zile zile ulizozicheka. Sijamwagilia hata ndoo moja. Matawi yamelemewa mpaka nimeyaegemeza kwa miti ya uzio. Akina mama wa hapa wanakuja na ndoo zao tangu alfajiri, na Kabula amepeleka magunia mawili mnadani, akarudi anaimba. Nilikaa chini ya mti mmoja nikalia. Sikulia hivyo hata siku ya kumzika mume wangu, na niliona aibu, lakini nililia.

Kazi yenyewe haiishi. Kila mwaka baada ya mavuno lazima nikate matawi yote yaliyozaa, yachipue upya mvua zikija, la sivyo mwaka unaofuata ni majani matupu. Kabula ananisaidia kuburuta miiba na tunaizungushia kama boma, ng'ombe wake wasiingie.

Nilitaka baba aone.

Mdogo wako,
Hellena


Kizwite
8 Septemba 2021

Mdogo wangu mpendwa Hellena,

Marahaba. Nimekula sita nikiwa nimesimama, na mama Philipo alificha zilizobaki kwenye kabati ili wageni wasizimalize. Nilimpa mama mmoja anayeuza matunda pale sokoni aonje, akaniuliza shamba liko wapi. Nikamwambia ni shamba letu la bondeni.

Umefanya jambo kubwa. Baba angejivuna.

Ni miti mingapi kwa jumla? Na mipaka yake, je, imefika kule kwenye korongo kama zamani? Nauliza tu, ili niwe na picha.

Halafu nimefikiri juu ya Philipo. Amemaliza chuo miaka miwili iliyopita na kazi hakuna, anashinda vijiweni. Namshusha kwako akusaidie na ajifunze. Wewe huna mtoto, yeye ni mwanao. Mpokee.

Kaka yako akupendaye,
Baltazari


Bondeni
30 Machi 2022

Kaka Baltazari,

Shikamoo. Philipo amerudi huko juu bila kuniaga, kwa hiyo nadhani unaye.

Sikuandiki kumshitaki. Ni mwanangu kama ulivyosema, na anacheka vizuri. Lakini kisu nilichompa kimekaa kwenye ala yake miezi minne. Nilipomwita nimwonyeshe namna ya kung'oa machipukizi ya chini aliniambia, "Shangazi, relax, miti si inajiotea yenyewe? Mbona poa tu." Akalala. Nilidhani ni joto.

Kitu kimoja tu alikifanya kwa bidii, kuhesabu. Aliihesabu miti yote, mia moja arobaini na miwili, akaandika kwenye simu. Kisha wiki iliyopita alikuja na mtu aliyevaa viatu vya kung'aa, wakatembea kuanzia korongoni hadi kwa Kabula, yule mtu akipima kwa hatua. Nilimkaribisha uji akakataa. Nilipouliza anatafuta nini, Philipo akajibu, "Ni mshikaji wangu tu, anapenda mazingira."

Kaka, mtu anayependa mazingira hapimi kwa hatua. Kuna nini? Niandikie wewe mwenyewe.

Mdogo wako,
Hellena


Kizwite
13 Juni 2022

Kwako Hellena,

Marahaba. Nakuandikia kama mkubwa wa ukoo.

Tarehe 5 wazee walikaa Mollo nyumbani kwa Mzee Adolfu, ndugu yake baba. Hukuitwa kwa kuwa safari ni ndefu na jambo lilikuwa jepesi. Walijadili eneo la marehemu baba bondeni. Mzee Adolfu aliuliza swali moja: je, Hellena alipewa, au alikaribishwa? Nikasema alikaribishwa. Akauliza la pili: je, amepanda mti? Nikatoa barua yako ya tarehe 4 Februari 2018, ninayo kwenye faili, nikawasomea kwa mwandiko wako mwenyewe: "Sijapanda hata mti mmoja. Miti niliikuta."

Wazee wakasema basi, shauri limekwisha. Miti ni ya baba. Wewe umeilea kama mtu anavyolea mbuzi wa mwenzake, unashukuriwa, maziwa umekunywa. Eneo linarudi kwenye mikono ya mtoto wa kiume na kizazi chake. Philipo anaoa mwakani, lazima awe na mahali.

Hukufukuzwa. Vuna mavuno ya mwaka huu yote, ni yako. Kuanzia Septemba chumba cha uani hapa Kizwite kiko wazi, mama Philipo ameshakifagia. Utakula nasi.

Najua utaumia. Lakini ningefanyaje? Kama ungepanda hata mmoja, ningekuwa na la kusema.

Baltazari


Bondeni
28 Agosti 2022

Kaka Baltazari,

Nimevuna. Kesho napanda mlima na gari la Abeli.

Kama ningepanda hata mmoja, ungesema nimevunja kanuni, na ningefukuzwa mwaka ule ule. Sikupanda, nikafukuzwa baada ya kuizalisha. Nimekaa nayo hesabu hiyo tangu Juni na haitoki.

Nilipokuja kununua unga wa ulezi huko juu mwezi wa saba nilipita Mollo. Shamba la mikaratusi lina uzio wa mtu nisiyemjua. Mlinzi ameniambia limeuzwa tangu mwaka 2019. Kwa hiyo unaponiambia Philipo hana mahali unasema kweli, umesahau tu kusema nani aliyepauza. Ungeniambia. Ningekugawia nusu ya miti bila wazee wowote, na ungekula mpaka ukafa.

Chumba cha uani sikitaki. Nakwenda Kaengesa kwa Coleta, binti wa mama mdogo, anapika kwenye bweni la wanafunzi na ana nafasi. Nimechukua miche sita kwenye makopo. Hiyo niliiotesha mwenyewe kwa mbegu. Ukitaka nayo, waulize wazee.

Hellena


Kizwite
3 Oktoba 2022

Kwa Hellena,

Salamu hukunipa mara ya mwisho, nami sitakudai.

Bahasha aliyoileta Abeli wiki iliyopita nimeirudisha kwa mkono wake huyo huyo. Sikuifungua. Ni nene, nimeipima kwa vidole. Mimi ndiye niliyekuwa nikigonga milango ya watu na bahasha za namna hiyo, na nimeona wanaume wazima wakifungua kwa pupa kisha wanakaa chini. Mtu akishapokea amepokea. Kama umekwenda kwa wanasheria au kwa mapadri wa huko Kaengesa wakuandikie madai, wapelekee wazee. Mimi barua yako yoyote sitaipokea mpaka hasira ikuishe.

Baltazari


Bondeni
15 Januari 2023

Mdogo wangu Hellena,

Mwaka mpya mwema. Hasira zina mwisho, na mimi ndiye mkubwa, basi naanza.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda chako. Nimehamia huku na Philipo tangu Oktoba. Umejenga vizuri, upepo unapita. Nataka ujue kwamba miti haijatupwa, maana najua utakuwa na wasiwasi.

Nilikumbuka ulivyoandika kwamba kila mwaka baada ya mavuno lazima ikatwe. Nikaifanya kazi hiyo mwenyewe mwezi wa kumi, na vijana wawili wa kukodi. Nikaona wewe, kwa kuwa ni mwanamke na ulikuwa peke yako, ulikuwa ukikata juu juu tu, umeacha mashina yamesimama mpaka kiunoni, yana mafundo yamevimba kama magoti ya mzee. Mimi nimekata mikaratusi Mollo miaka yote ile. Mkaratusi ukiukata usawa wa kifundo cha mguu unachipua kwa nguvu mara tatu. Nikawaambia vijana, kateni chini, sawa na udongo. Matawi yote tukachoma.

Yule jirani yako Kabula alikuja akasimama kwenye boma la miiba, akasema kwa kile Kiswahili chake, "Baba, usikate kwanza, umuulize mwenye miti." Nikamwambia mwenye miti yuko hapa mbele yako. Akaondoka na hasemi nami tena.

Sasa ungekuja uone! Tangu mvua zianze imechipua ajabu, shina moja linatoa machipukizi kumi, yamenipita urefu. Mwaka huu tutavuna mara mbili ya kwako. Nitakutumia kikapu, usikatae.

Kaka yako,
Baltazari


Bondeni
20 Agosti 2023

Hellena,

Hujajibu. Mavuno ya mwaka huu ni haba, nadhani miti ilikuwa inajijenga. Tunda ni dogo kidogo. Mwakani litakuwa limerudi. Hukuwahi kuniambia kama mwaka wa kwanza baada ya kukata huwa hivyo.

Miiba nayo imezidi, Philipo alichomwa jichoni, tukampeleka hospitali, anaona lakini kwa ukungu.

B.


Bondeni
6 Septemba 2024

Mdogo wangu Hellena,

Nakusalimu, na ninajua haifai mkubwa kuanza kumwamkia mdogo, lakini ningejua neno la kuanzia ningelitumia.

Mwaka wa pili umekwisha na tunda ni lile lile. Dogo kama haragwe, chungu, kokwa tupu. Yule mama wa sokoni niliyempelekea debe alichukua moja mkononi, akanitazama, akairudisha ndani ya debe. Heri angenitukana. Sasa wanaokula ni mbuzi wa watu, wanavunja boma, nami nawaacha.

Philipo ameondoka, yuko Tunduma kwenye malori. Mchumba amemwacha. Aliponiaga alisema, "Mzee, hilo pori lako mimi basi." Lako, ameniambia, na alikuwa amelihesabu mwenyewe mti kwa mti. Mama Philipo yuko Kizwite na miguu yake, nami niko hapa peke yangu. Mvua zilikata mapema tena. Mtama haukutoka.

Kuna maneno, na ni heri uyasikie kwangu. Mzee Adolfu na wengine wanasema uliitamkia miti neno siku ulipoondoka. Wanasema haiwezekani mti mmoja, udongo mmoja, uzae sukari kisha uzae shubiri, isipokuwa kwa mkono wa mtu. Mimi nimewaambia dada yangu si wa mambo hayo. Nimewaambia hivyo mara mbili. Mara ya tatu nilinyamaza, maana sina jibu, na huo ndio ukweli wangu.

Nimekosa nini, Hellena? Uliifanya nini hii miti? Njoo uiangalie. Kama kuna dawa, niambie. Kama kuna neno, liondoe. Abeli anasubiri jibu hata kama ni mstari mmoja.

Kaka yako,
Baltazari


Kaengesa
17 Septemba 2024

Kaka Baltazari,

Neno halikuwepo. Mwambie Mzee Adolfu hivyo, na mwambie mimi ndiye niliyesema, maana huku Kaengesa yameshanifikia. Jumapili iliyopita mwanamke mmoja aliinuka kwenye benchi nilipokaa, akahamia lingine. Nimekaa peke yangu hadi mwisho wa misa. Wewe ungenyamaza mara ya kwanza au ya tatu, kwangu benchi ni lile lile.

Unauliza umekosa nini. Ile barua yangu ya Februari 2018, uliyonayo kwenye faili, itoe. Uliwasomea wazee mstari mmoja. Soma mistari inayofuata. Nilikueleza kwamba chini ya fundo ni mkunazi wa mbuzi wa baba na utabaki hivyo siku zote. Yale mafundo uliyoyaona yamevimba ndiyo yaliyokuwa shamba. Uliyakata, ukayachoma, ukabaki na kilekile ulichonipa mwaka 2017. Umerudishiwa ardhi ya baba kama ilivyokuwa.

Nilitaka kufurahi. Niliposoma barua yako ya Januari, ile ya machipukizi kumi, nilielewa palepale, na nikasubiri furaha ije. Haikuja. Nilikwenda kukaa jikoni kwa Coleta nikachambua maharage ya bweni zima.

Kuhusu dawa, ipo. Mashina yako yangeweza kubebeshwa upya, ni mizizi mizuri mno. Lakini vikonyo vyote ulivichoma. Miche yangu sita ya makopo niliibebesha kabla sijaondoka, na huku juu si kwake, baridi ya Juni imeua mitano. Mmoja umebaki nyuma ya ukuta wa jiko, unapata joto la kuni. Mwaka huu umezaa kunazi tisa. Kutoka kwenye mti huo mmoja ningeweza kurudisha shamba lote kwa miaka mitatu au minne.

Sitaukata. Na sitakuja.

Bahasha hii ya pili iliyomo ndani unaifahamu, uliipima kwa vidole. Sijaifungua tangu uliponirudishia. Safari hii ipokee.

Hellena


Kaengesa
25 Septemba 2022

Kaka Baltazari,

Shikamoo.

Nimekaa wiki nne na hasira na bado ninayo, usidhani imekwisha. Lakini jana nimeona mawingu upande wa bondeni, nikakumbuka kwamba miti haijakatwa. Mwezi wa kumi ndio mwezi wake. Hakuna huko anayejua, Philipo hakujifunza, na Kabula anajua kuburuta tu. Basi nakuandikia, na nimekuchorea, ndiyo maana bahasha ni nene.

Karatasi ya kwanza ni mti wenyewe. Tazama pale nilipotia wino mwekundu, ni fundo, liko juu kidogo ya goti lako. Kila kitu kiko juu ya fundo hilo. Pima viganja viwili kwenda juu kutoka kwenye fundo, hapo ndipo unapokata matawi yaliyozaa. Ukiona fundo limevimba usilione kuwa ni ugonjwa, ndivyo lilivyo, ni kovu. Usikate chini ya goti, kaka, hata kama utaona shina ni refu na baya. Huu si mkaratusi.

Karatasi ya pili ni machipukizi. Ya chini yana miiba mirefu na majani madogo, yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini. Ya juu majani yake ni mapana, kwa chini yana weupe kama vumbi la unga. Hayo ndiyo yako.

Karatasi ya tatu ni orodha ya miti inayohitaji jicho la ziada. Ule ulio karibu na kibanda ndio wa kwanza kushika, niliupa jina la baba. Usicheke.

Anza na mti mmoja, uumalize, kisha upumzike. Jioni, joto likishuka. Vaa viatu vigumu.

Wazee wamekupa na sitashindana nao, nimechoka. Lakini miti haikuniudhi. Ukiona mkono unatetemeka, au huna hakika fundo liko wapi, usikate, acha hapo hapo, mwambie Abeli aniite. Nitashuka siku hiyo hiyo nikushikie matawi, kisha nitarudi huku na sitasema kitu.

Mdogo wako,
Hellena